Mkono Juu, Mazoezi

Katika mji wetu mtu mzima akionekana anakimbia, lazima pana jambo. Ama nyumba inaungua, ama mke kashikwa na uchungu, ama kuna maiti. La nne halipo. Nimeishi Kiponda miaka hamsini na ushei na nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilijidanganya kwamba dunia imebadilika. Nilijiambia kwamba watu wamekwisha kuwazoea wageni wanaokimbia Forodhani kila asubuhi, na kwamba na mimi nikivaa raba nikatoka, watanitazama kidogo kisha waendelee na kahawa yao. Nilijidanganya vibaya sana.

Raba zenyewe sikuzinunua kwa kutaka ujana. Daktari alinipima sukari, akatazama karatasi, akatazama kitambi changu, kisha akairudia karatasi kana kwamba anawasuluhisha hao wawili. "Hujaingia," akaniambia, "lakini umo mlangoni." Nilijua ndani ya mlango huo mna nini, kwa sababu mama yangu yumo miaka kumi na tano. Anajidunga sindano asubuhi na jioni. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vilikatwa, na tangu siku hiyo hakushuka tena ngazi zetu, ambazo hata mzima huzishuka kwa kushika ukuta. Mke wangu anafundisha skuli Pemba na huja wakati wa likizo, watoto wako Bara, ghorofa ya chini ni ghala la mtu na ya katikati imejaa unyevu. Juu tumebaki wawili, mimi na mama. Nikianguka mimi, nani atamwangalia? Niliogopa, ndiyo nikaanza kukimbia.

Sasa kuna habari ya ufunguo, na lazima niieleze mapema. Mlango wetu wa chini ni wa zamani, mbao nzito zenye misumari ya shaba, na ufunguo wake ni wa chuma, mrefu kuliko kiganja changu. Wa pili ulipotea zama za baba, na kila fundi niliyemwendea aliniambia funguo za namna hiyo hazichongwi tena. Siku za mwanzo nilikimbia nao mfukoni. Ulinigonga paja mpaka likawa jeusi, na ulikuwa unanivuta suruali chini mbele za watu. Basi tukafanya utaratibu. Alfajiri baada ya sala natoka, nafunga kwa nje, nautia ufunguo katika kikapu cha ukindu kinachoning'inia kwa kamba kutoka dirishani kwa mama, navuta kamba mara mbili, naye anakipandisha. Kwa kikapu hicho hununua mkate, samaki, na habari zote za mtaa. Nikirudi nasimama chini naita, "Mama!" na kikapu kinashuka na ufunguo pamoja na chupa ya maji. Mtaa mzima ulizizoea kelele hizo.

Sharti lilikuwa moja tu: saa moja kamili niwe nimesharudi. Saa moja, taarifa ya habari inapoanza redioni, mama hujidunga sindano, na akishajidunga ni lazima ale, la sivyo sukari inamshuka mpaka azimie. Lakini peke yake hali. Nimemsihi, nimemgombeza, nimemletea daktari nyumbani amwambie. "Mie si paka nikala peke yangu," husema. "Ntakusubiri." Kwa hiyo mbio zangu zote zilikuwa zimefungwa kwa kamba ileile ya kikapu.

Turudi kwenye mbio. Neno lililonitesa ni fupi. Mtu akikuona unakwenda haraka anakurushia: "Kheri?" Nawe unajibu: "Kheri." Anataka kujua kama uendako kuna jema au balaa, na jibu lako linampa ruhusa ya kuendelea kukaa. Kwa mtu anayetembea ni adabu nzuri. Kwa mtu anayehesabu pumzi zake, ambaye kabla hajafika Mizingani ameulizwa na watu kumi na wanane, ni adhabu. Tena neno moja halitoshi. Ukimwambia mzee "Kheri" bila ya shikamoo umemvunjia heshima. Ukimpa shikamoo anaitika marahaba, kisha anataka kujua mama hajambo, na mguu wake je, na yule wa Pemba anakuja lini. Ukiamua kujibu hukuhuku unakimbia inabidi ugeuke nyuma, na mitaa yetu ukigeuka nyuma unagonga kitu. Mimi nimegonga vespa mbili zilizosimama na mbuzi mmoja.

Wiki ya kwanza ndiyo iliyokuja kunivunja nguvu. Jirani yetu kuna baraza ambalo mkubwa wake ni mstaafu wa bandarini, mtu wa kofia iliyonyooka na redio ndogo, anayejua kila meli iliyowahi kutia nanga hapa. Asubuhi hiyo aliniuliza, "Kheri?" Pumzi sikuwa nayo. Nikapunga mkono chini, hivi, kumwambia niache, tutaonana. Nikamsikia nyuma yangu anasema, "Innalillahi," nikadhani anazungumza habari ya mtu mwingine. Nikaenda zangu.

Niliporudi, mtaa wetu ulikuwa haupitiki. Viti vya plastiki vimepangwa mpaka kwenye kona. Watu wawili walikuwa wanalishusha sufuria kubwa la mtaa kutoka kwenye mkokoteni. Kinamama wamejitanda kanga wamekaa kwenye ngazi yetu, na mmoja wao analia kweli, si kilio cha kusaidia. Mstaafu wa bandarini alinijia na mikono miwili, akanikumbatia jasho na vyote, akaniambia nijikaze. Kabla sijapata neno, dirisha la juu likafunguka na mama akatoa kichwa.

"Nani kafa?" akauliza.

Yule aliyekuwa akilia akamtazama, akajibu kwa sauti ndogo, "Wewe."

"Mimi?" Mama akatazama viti, akatazama sufuria. "Saa ngapi?"

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu aliponisemesha aliniambia, "Umenizika na raba zako," akaniwekea chai. Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko yeye, kwa sababu watu wote walinilaumu mimi. Mtu anapunga mkono tu, wao wanapika pilau! Lakini mtaa mzima ulikubaliana kwamba kosa ni langu, maana mtu mwenye akili hakimbii huku hana jambo.

Nikashauriwa niingie katika kikundi. Ni kweli, vikundi vya mazoezi viko tele Unguja, vina fulana za rangi moja na filimbi, na mtu akikimbia katikati ya kikundi huku anaimba hakuna anayemuuliza kheri. Nikajiunga na kimoja kinachokutana Amani, karibu na uwanja, saa mbili, mama akiwa ameshakula. Jumapili ya kwanza tulijadili rangi ya fulana. Jumapili ya pili tulimchagua katibu. Jumapili ya tatu tulikimbia, mwendo ambao mama angeuweza na vidole vyake vilivyobaki, kisha tukala mihogo na samaki wa kukaanga mpaka saa nne. Nilirudi nyumbani mzito kuliko nilivyotoka. Jumapili ya nne katibu alijiuzulu, na mimi nikamfuata.

Mbio peke yake hazikutosha kuniaibisha, nikaongeza na kukwea. Kwao mama ni Makunduchi, na mtoto wa mjomba wangu huko ni mkwezi, kazi yake kuangua nazi za watu. Nilimwona anapanda mnazi na mgongo wake ulionyooka, mtu wa umri wangu hasa, tumbo limeingia ndani kama sahani, nikamwomba anifundishe. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha, kila Jumamosi. Miguu unaitia katika kitanzi cha kamba ya usumba wa nazi, nyayo zinaubana mnazi, mikono inakumbatia, unajikunja na kujikunjua. Mwezi wa kwanza sikuvuka urefu wa mlango. Kitambi kilikuwa kinafika kwenye mnazi kabla yangu. Mwezi wa nne nilifika juu, nikashika makuti, nikatazama chini nikaona bahari imetoa maji na mashamba ya mwani na vigingi vyake vyote, na moyo wangu ukafurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeijua tangu nilipokuwa mdogo. Nasema ukweli, nilifurahi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipoteremka. Chini walikuwa wamekusanyika kinamama watano na makapu yao.

"Mbona huangui?" mmoja akaniuliza.

"Siangui, nnafanya mazoezi."

"Umepanda mpaka juu?"

"Ndiyo."

"Nazi umeziona?"

"Nimeziona."

"Ukaziacha?"

Waliniangalia kwa huruma. Jumamosi iliyofuata mwenye mnazi alikuja mwenyewe kuniuliza mti wake una ila gani hata mtu apande na kushuka mikono mitupu. Na habari ikanitangulia mjini, kwamba kazi yangu ya masjala imekwisha, sasa nakwea minazi ya watu shamba, na hata hiyo siiwezi, maana hakuna aliyeona nazi. Mstaafu wa bandarini alinivuta pembeni akaniambia nisione haya, nikiwa na shida niseme.

Hapo ndipo nilipochoka. Asubuhi moja nilisimama barazani kwao kabla ya kuanza kukimbia, nikawaamkia wote mmoja mmoja, nikawahutubia. Nikasema: mimi nakimbia kwa amri ya daktari. Sina maiti, sina moto, sina deni. Nakwea kwa amri ya daktari huyohuyo. Nawaomba mkiniona niko mbio msiniulize kitu. Mimi nitainua mkono wangu wa kulia, hivi, kiganja mbele. Mkono juu, maana yake mazoezi. Nanyi inueni wenu, yaishe. Wakacheka, wakalijadili, mmoja akauliza kama mkono wa kushoto utakuwa na maana yake, lakini wakakubali. Mstaafu alilipenda jambo hilo kwa kuwa lilikuwa na ishara kama za bandarini, akalichukua kuwa kazi yake. Alilipeleka mpaka baraza la Malindi. Baada ya mwezi nilikuwa napita mtaa mzima naona viganja tu, vinainuka kushoto na kulia, na sauti zao zinasema kwa pamoja, "Mkono juu, mazoezi!"

Aliyekataa ni mmoja. Kwenye kona yetu kuna bibi anayekaanga vitumbua, mwenye miaka kama sitini na tano, mwembamba, mkali, na kijiko chake cha kugeuzia hakimtoki mkononi. Siku ya kwanza nilimpita na mkono juu. Akaita kwa sauti iliyosimamisha paka: "We baba! Njoo hapa!"

Nikarudi. "Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Nimekuuliza kheri, wanipa mkono. Mkono ndo nini?"

Nikamweleza mkataba wote.

"Mkono si jibu," akasema. "Mtu akizama pia hunyanyua mkono. Mie ntakuuliza kheri, na wewe utanijibu kwa mdomo wako. Hutaki, pita njia nyingine."

Njia nyingine haikuwapo. Basi kila asubuhi ya Mungu, kwenda na kurudi, nilikuwa nasimama mbele ya karai lake nahema, namwambia shikamoo, naambiwa marahaba, naulizwa kheri, najibu kheri, kisha ananiuliza mama ameamkaje. Nilipoteza dakika mbili kila siku kwa bibi huyo. Nilimchukia, na ninaliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nikianza kunusa vitumbua vyake kwa mbali naanza kumtukana kimoyomoyo. Nilimlalamikia mama, naye akaniambia kumbe huyo ndiye anayemtilia vitumbua kikapuni siku za Ijumaa, na kwamba sauti yake anaipenda.

Siku ninayotaka kuieleza, bibi wa vitumbua hakuwapo nilipotoka. Nilifikiri anaumwa, na sitaficha, nilifurahi. Hewa ilikuwa baridi, mvua ilikuwa imepita usiku, raba zangu zilikuwa mpya. Kutoka Kiponda mpaka Malindi nilipokewa kwa viganja, hakuna aliyenisimamisha, hakuna aliyeniuliza. Nikashika njia ya Funguni nikaelekea kaskazini. Pumzi ilikaa sawa na miguu, ile siku ambayo mkimbiaji huingojea miezi. Mtoni ndipo nilipozoea kugeukia. Nilipofika Mtoni sikugeuka.

Nilijua saa. Nilijua taarifa ya habari inakaribia. Nikajiambia: mara moja tu katika maisha yangu. Atakula, nimemwambia mara mia ale. Nikaenda mpaka Bububu, nikagusa ukuta wa duka lililofungwa, nikarudi. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani.

Nilisimama chini ya dirisha letu saa mbili kasorobo. Nikaita, "Mama!" Kamba haikucheza. Nikaita tena. Nikaita kwa nguvu zilizobaki, nikasikia redio juu inazungumza, nyimbo na matangazo, na yeye kimya. Dirisha lilikuwa wazi. Kipande cha kamba kilikuwa kimetoka nje kidogo na kuishia hapo.

Niligonga mlango kwa ngumi, na mlango ule ulitengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wanaougonga. Nikakimbia mpaka barazani. Pumzi ilikuwa imekatika, sikuweza kutoa sauti. Nikainua mikono yangu yote miwili juu kuwaita.

Wote wakainua yao. "Mkono juu," wakasema, "mazoezi!"

"Leo mikono miwili," mstaafu wa bandarini akawaeleza wenzake. "Leo kaongeza mwendo."

"Mama," nikasema.

"Mama yupo juu. Mwite atakushushia."

"Haitiki."

"Kalala huyo. Mwache alale, mtu mzima. Kaa upate kahawa." Na akanisogezea nafasi.

Ningeweza kumshika kofia nikaitupa baharini. Lakini ningemlaumu kwa lipi? Mimi ndiye niliyekwenda pale nikawafundisha darasa zima. Sikuwa na pumzi ya kuwafundisha upya. Nikarudi mbio nyumbani, nikaliangalia bomba la chuma la maji ya mvua linalopanda pembeni mwa ukuta mpaka karibu na dirisha la mama. Nikavua fulana, nikaisokota, nikaifunga kitanzi cha miguu kama nilivyofundishwa Makunduchi, nikavua raba, nikalikumbatia bomba. Nikasikia makofi. Baraza zima lilikuwa limehamia kwenye kona kuniangalia, mzee wa miaka hamsini na kitambi chake wazi juu ya ukuta.

"Leo anakwea nyumba!" mmoja akasema, na mwingine akasema atahesabu dakika. Lile bomba lilikuwa limelowa kwa mvua. Nilipanda kidogo, nikateleza mpaka chini, nikajichuna kifua. Wakacheka. Nikapanda tena, nikateleza tena. Nililia, lakini jasho na machozi kwa mbali hayatofautiani.

"Kheri?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Bibi wa vitumbua alikuwa ndio kwanza anafika, karai kichwani, mfuko wa unga mkononi. Alikuwa amechelewa kwa sababu zake. Wale wa baraza walimwambia ni mazoezi, Bi mkubwa, ana mkataba. Hakuwasikiliza. Aliniangalia mimi. "Wee baba. Nakuuliza wewe. Kheri?"

Na mdomo wangu, ambao ulikuwa umeshindwa kusema neno la maana kwa watu sita, ulimjibu yeye kwa mazoea. "Si kheri," nikasema. "Si kheri, Bi mkubwa."

Lile karai lilianguka chini, nililisikia likibiringika mpaka kwenye mtaro. Sijui aliwaambia nini wale watu, maana alisema mengi kwa wakati mmoja, lakini nilimwona anamchapa mstaafu wa bandarini begani kwa kijiko. Kofia ilimdondoka na hakuiokota. Alikuja akainama chini ya bomba, akaniambia nimkanyage. Mwingine akasimama karibu naye. Niliwakanyaga wazee wale mabegani, mmoja baada ya mwingine, nikalipata bomba pale juu ambapo ukuta umelikinga na mvua, na kutoka hapo miguu yangu ikajua yenyewe la kufanya. Sikumbuki nilivyoingia dirishani. Nakumbuka kwamba kizingiti kilinikata mkono.

Alikuwa sakafuni chini ya dirisha. Baridi, jasho limemtota mpaka kwenye kanga, macho nusu. Kikapu alikuwa nacho kifuani, kamba imemzunguka mkono, ndani mna ufunguo na chupa ya maji. Nyuma yake mkeka ulikuwa umetandikwa. Vikombe viwili, vimefunikwa kwa visahani. Mkate haujakatwa. Sindano ya asubuhi imeshatumika.

Nilitupa ufunguo nje. Wa kwanza kufika juu alikuwa bibi wa vitumbua, na ngazi zile hazikumchukua muda ulionichukua mimi kumgeuza mama ubavu. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa asali, akatia kidole, akaanza kumpaka mama ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku anamwita kwa sauti ile ninayoichukia. "Bi dada. Bi dada, hebu ramba. Ramba nikuone." Mimi nilikuwa nimepiga magoti nimeshika mguu wenye vidole vitatu, sina kazi yoyote.

Ngazini zilisikika hatua nyingi. Wazee wote wa baraza walikuwa wanapanda, wanahema, wanaitana, wanaambizana wasisukumane. Mama akalamba. Akalamba tena. Macho yakatafuta, yakanikuta mimi, kifua wazi, damu na kutu.

"Umechelewa," akasema. "Chai ishapoa."

Kisha akasikia zile hatua, akaugeuza uso wake mlangoni. "Watu wote hao," akasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu," bibi wa vitumbua akamwambia. "Ramba."

Walimteremsha kwa kiti mpaka njia kubwa, wazee wanne kwa zamu, na huko tukapata gari ya kumpeleka hospitali. Alirudi siku ya tatu akilalamikia chakula chao.

Mstaafu wa bandarini alikuja kuniona, kofia mkononi. Alikaa muda mrefu bila kuitaja meli hata moja. Mwisho akaniuliza, "Sasa mkataba wako tuuweke au tuuvunje?" Nikamwambia auvunje, na yeye akaupeleka uvunjaji mpaka Malindi kwa bidii ileile.

Kwa hiyo leo nakimbia vibaya kuliko siku zote. Kabla sijafika Mizingani nimesimama mara kumi na nane, mara nyingine ishirini, maana na wale ambao zamani hawakuwa wakiuliza sasa wanauliza. Wananikamata mkono kabisa waone kama nasema kweli. Napoteza nusu saa ya asubuhi yangu kwa watu ambao nimewaaga jana magharibi. Makunduchi nako, maswali ndiyo usiseme. Mtoni sijafika tangu siku ile. Inaniudhi, na sitasema kwamba hainiudhi.

Ufunguo sasa unakaa kwa bibi wa vitumbua, chini ya kitambaa cha kufunikia karai. Saa moja kamili, niwepo nisiwepo, anatia vitumbua viwili kikapuni, anavuta kamba mara mbili, kisha anasimama hapo na kijiko chake, mafuta yanaungua, wateja wanasonya, mpaka kamba ivutwe na mama kutoka juu, kwamba anakula. Mama amekubali kula bila mimi. Anasema hali peke yake, anakula na yule wa chini.

Juzi nilikuwa nimechelewa, miguu inauma, mvua inaanza. Nikampita bibi yule bila kufikiri, na mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe.

"We baba! Njoo hapa!"

Nikarudi. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nikasimama mbele ya karai, nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akageuza vitumbua vyote kimoja kimoja kabla ya kunitazama.

"Kheri?"

Nikainua kichwa nikaitazama kamba yetu. Ilivutwa mara mbili kutoka juu.

"Kheri, Bi mkubwa," nikasema.